Jinsi ya Kuuliza Siku na Tarehe kwa Kiingereza Bila Kubabaika

Kila kundi jipya la wanafunzi wa Kiingereza likianza, maswali ni yaleyale. "Mwalimu, leo ni tarehe ngapi tunasemaje?" "Mbona nikisema 'Today is how many?' mgeni ananikodolea macho?" "Nimeuliza siku, nimejibiwa namba, nimekosea wapi?" Kujibu mmoja mmoja kunachosha, na kesho yake anakuja mwingine na lilelile. Kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: mhudumu wa mapokezi hotelini, mpagazi anayetaka kuwa kiongozi wa watalii, mwanafunzi wa sekondari, mtu aliyeitwa kwenye usaili, au aliyehamia ughaibuni na anatakiwa kupanga miadi ya kliniki kwa simu. Sarufi haitakuwa nyingi. Ukishika maswali mawili ya msingi, namba za mpangilio, na tabia ya kutaja siku na tarehe kwa pamoja, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kabla hujaanza

Kuwa na vitu hivi karibu:

- Kalenda. Ya simu inafaa, lakini ya ukutani ni bora zaidi kwa sababu unauona mwezi mzima mara moja. Ukipata yenye majina ya lugha zote mbili, umelamba dume.
- Majina ya siku saba: Monday ni Jumatatu, Tuesday Jumanne, Wednesday Jumatano, Thursday Alhamisi, Friday Ijumaa, Saturday Jumamosi, Sunday Jumapili. Yakariri kwa mpangilio, kisha yakariri kwa kurukaruka. Anayeyajua kwa mpangilio tu hulazimika kuhesabu kutoka Monday kila anapoulizwa, na mwenzake anasubiri.
- Majina ya miezi kumi na miwili. Sisi tumezoea "mwezi wa tano" na "mwezi wa nane", na tunaelewana vizuri. Kiingereza hakisemi "month five". Kama hujui August ni mwezi wa ngapi bila kuhesabu vidole, simama hapa kwanza, urudi ukishajua.
- Daftari na kalamu. Tarehe unayoisikia iandike papo hapo.

Hatua ya 1: Amua unataka jina la siku au namba

Kwa Kiswahili mtu akiuliza "Leo lini?" unaweza kumjibu "Jumanne" au "tarehe tisa", na akaridhika. Kiingereza kimetenganisha maswali hayo mawili, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Ukitaka jina la siku:

"What day is it today?" Jibu: "It's Tuesday."

Ukitaka namba:

"What's the date today?" Jibu: "It's the ninth."

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize: jibu ninalolitaka ni Jumanne au ni tisa? Ukitaka Jumanne, neno lako ni "day". Ukitaka tisa, neno lako ni "date". Ukitaka vyote viwili, uliza "date", kwa sababu mara nyingi mtu atakujibu "Tuesday the ninth". Anayejibu "day" ni nadra kuongeza namba.

Onyo: usiulize "When is today?" Sentensi hii ni "leo lini" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza. "When" huulizia jambo linalotokea: "When is the meeting?" "When is Idd?" Leo yenyewe huwezi kuiulizia kwa "when".

Hatua ya 2: Tanguliza neno la kuuliza

Sisi tunaweka neno la kuuliza mwishoni: leo ni siku gani, leo ni tarehe ngapi. Kiingereza hulipeleka mbele. Sentensi hizi mbili nimezisikia kila mahali, ofisini hata redioni:

"Today is which day?"

"Today is date how many?"

Hapa nyumbani utaeleweka, maana sote tunajua Kiswahili kilicho chini yake. Kwa mgeni, ya kwanza ataielewa baada ya kusitasita. Ya pili huenda asiielewe kabisa, kwa kuwa "how many" ni la kuhesabia vitu. "How many days are there in February?" ni swali sahihi, lakini linaulizia idadi ya siku. Tarehe haihesabiwi, inatajwa, ndiyo maana inaulizwa kwa "what".

Waliosoma kwanza Kifaransa, wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, wana mtego wao tofauti. Wao husema "We are what day?" na kujibu "We are Monday", kwa sababu Kifaransa kinasema "sisi tuko" siku fulani. Kiingereza hakimwingizi mtu humo. Kinatumia "it": "It's Monday." Na hiyo "it" usiiache. "Is Monday" haitoshi, hata kama kwa Kiswahili "Ni Jumatatu" imejitosheleza.

Utasikia pia "What's today's date?", "What date is it today?", "What day is today?" na "What day of the week is it?" Zote ni sahihi. Ushauri wangu: chagua moja ya siku na moja ya tarehe, uzizoee mpaka zitoke zenyewe. Hizo nyingine zielewe tu ukizisikia. Mtu anayejua maneno kumi ya kuulizia jambo moja huchelewa kuchagua.

Hatua ya 3: Jifunze namba za mpangilio, kuanzia 1 hadi 31

Kiswahili kinasema tarehe mosi, tarehe pili, halafu kinarudi kwenye namba za kawaida: tarehe tatu, tarehe nne. Kiingereza kinaendelea na mpangilio mpaka mwisho wa mwezi: first, second, third, fourth, fifth, na kuendelea. Husemi "the five of May". Ni "the fifth of May".

Kwa maandishi, angalia mkia:

- 1st, 21st, 31st hubeba "st", kwa sababu ya first.
- 2nd, 22nd hubeba "nd", kwa sababu ya second.
- 3rd, 23rd hubeba "rd", kwa sababu ya third.
- Zote zilizobaki hubeba "th", zikiwemo 11th, 12th na 13th. Usiandike 11st wala 12nd.

Tahajia zinazosumbua ni fifth, eighth, ninth (haina "e"), twelfth, twentieth na thirtieth. Zinakili mara kadhaa kwa mkono, zitakaa.

Kwenye matamshi tuna bahati. Sauti ya "th" tunayo katika "thamani" na "thelathini", kwa hiyo hatuna sababu ya kuibadilisha kuwa "t" au "s". Tatizo letu ni kuongeza irabu mwishoni, kwa kuwa maneno yetu mengi huishia na irabu. "Fifth" ikigeuka "fifti", aliyekusikia ameshaandika hamsini. Funga neno kwenye "th", ulimi katikati ya meno, usiongeze chochote.

Kisha kuna thirteenth na thirtieth. Habari njema ni kwamba katika tarehe ni jozi hii moja tu ya kuogopa, maana hakuna mwezi wenye tarehe 40 wala 50. Habari mbaya ni kwamba jozi hii moja imewaharibia watu hesabu za vyumba. Thirteenth ina mkazo mwishoni, kwenye "teenth". Thirtieth ina mkazo mwanzoni, kwenye "thir". Ukiwa na shaka, usikisie. Uliza: "One-three or three-zero?" Hata wenye lugha yao huulizana hivyo kwenye simu.

Hatua ya 4: Soma na uandike tarehe nzima

Waingereza huandika 9 December 1961 na kusoma "the ninth of December, nineteen sixty-one". Maneno "the" na "of" hayaonekani kwenye maandishi lakini husemwa. Wamarekani huandika December 9, 1961 na kusoma "December ninth, nineteen sixty-one". Shule zetu zimefuata mtindo wa Uingereza, kwa hiyo huo ndio mwepesi kwako. Wa Kimarekani uelewe ukiusikia.

Miaka husomwa kwa kugawa tarakimu mbilimbili: 1964 ni nineteen sixty-four, 2025 ni twenty twenty-five. Miaka ya 2000 hadi 2009 ndiyo isiyofuata mkumbo: 2005 husomwa "two thousand and five".

Sasa hatari yenyewe: tarehe iliyoandikwa kwa namba tupu. Ukiona 05/06/2025 ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au London, hiyo ni tarehe 5 Juni. New York, hiyohiyo ni tarehe 6 Mei, kwa kuwa Marekani hutanguliza mwezi. Hakuna alama yoyote ya kukuonya. Ikiwa namba mojawapo imezidi 12 unajua mara moja ipi ni siku, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Tatizo ni siku 12 za mwanzo wa kila mwezi. (Sabasaba na Nanenane zimesalimika: 07/07 na 08/08 zinasomeka sawa popote.)

Kinga ni moja: mwezi uandike kwa herufi. "5 June 2025" au "June 5, 2025" haiwezi kusomwa vingine. Kwenye fomu usikimbilie kujaza, tazama kwanza herufi ndogo pembeni ya kisanduku. DD ni siku, MM ni mwezi, YYYY ni mwaka. Fomu ikisema MM/DD/YYYY, mwezi ndio unaotangulia hata kama mkono wako umezoea vingine. Kuna pia mtindo wa 2025-06-05, unaotumika sana kwenye kompyuta. Huo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Hatua ya 5: Weka kihusishi sahihi

Hapa ni pafupi. Siku na tarehe huchukua "on": on Monday, on the fifth of May. Mwezi na mwaka huchukua "in": in May, in 2025. Saa huchukua "at": at nine o'clock. Wikiendi Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend".

Maneno today, tomorrow, yesterday, na siku yoyote iliyotanguliwa na next, last au this, hayachukui kitu. "See you next Monday", si "on next Monday". "I'll call you tomorrow", si "on tomorrow". Na unapojibu leo ni siku gani, usiseme "Today is on Monday". Hiyo "on" ni ya jambo linalofanyika siku hiyo, na hapo hakuna jambo, kuna siku yenyewe tu.

Hatua ya 6: Ulizia siku ya jambo fulani

Mara nyingi unachokitaka si leo, ni siku ya mtihani, ya usaili, ya safari. Hapa ndipo "when" inapopata kazi yake:

"When is the interview?"

"What day is the exam?"

"What date does the course start?"

Hiyo ya tatu ina "does" kwa sababu kuna kitendo, kuanza. "What date the course starts?" ni kosa la kawaida sana darasani.

Ukiwa na tarehe unataka kujua itaangukia siku gani: "What day is the twelfth?" au "What day does the twelfth fall on?" Ukiwa na siku unataka tarehe yake: "What's the date on Friday?" Maswali haya mawili yana faida kubwa kazini, na sijui kwa nini vitabu vingi vya wanaoanza huyaruka.

Kuzaliwa kuna maneno mawili tofauti. "When's your birthday?" inataka siku na mwezi, ili watu wakupongeze. "What's your date of birth?" inataka na mwaka, kwa ajili ya faili. Ukipiga simu kliniki Uingereza, jiandae kuulizwa hilo la pili mapema tu baada ya jina. Ifanyie mazoezi tarehe yako ya kuzaliwa mpaka uweze kuitamka bila kufikiri, siku, mwezi, mwaka.

Hatua ya 7: Uliza kwa adabu

Kwa mtu usiyemjua, anza na "Excuse me". Hiyo ndiyo "samahani" ya kumsimamisha mtu. "Sorry" nayo hutumika, lakini usianze na "My brother" au "Sister" kama unavyoanza na "kaka" na "dada", hasa ofisini. Hotelini "sir" na "madam" zinafaa.

Ukitaka kulainisha zaidi: "Could you tell me what day it is?" Tazama mwisho wa sentensi: "it is", si "is it". Swali likiingia ndani ya swali jingine, mpangilio unarudi kuwa wa kawaida. Vivyo hivyo "Do you know what the date is?" Ukikosea hapo utaeleweka bado, kwa hiyo usijitese. "Excuse me, what's the date today?" ina adabu ya kutosha.

Hatua ya 8: Rudia siku na tarehe pamoja

Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka ukurasa huu, chukua hiki. Ukishajibiwa, rudia ulichosikia ukiunganisha jina la siku na namba, huku jicho likiwa kwenye kalenda. Siku na tarehe zikigombana, mmoja wenu amekosea, na mmejua kabla mambo hayajaharibika. Mapokezi ya hoteli, mwezi Mei 2025:

Mgeni: "We'd like to stay until the thirteenth."

Mhudumu: "Sorry, one-three or three-zero?"

Mgeni: "One-three."

Mhudumu: "So you're leaving on Tuesday the thirteenth?"

Mgeni: "Tuesday, yes."

Kama mgeni angekuwa na tarehe 30 kichwani, neno "Tuesday" lingemshtua, kwa sababu tarehe 30 mwezi huo ilikuwa Ijumaa. Huhitaji Kiingereza kizuri kufanya hivi. Unahitaji kalenda mezani.

Dawa hiyohiyo inatibu "next Friday". Ukisema maneno hayo siku ya Jumanne, wengine wataelewa Ijumaa hii inayokuja, wengine Ijumaa ya wiki ijayo, na hata Waingereza wenyewe hubishana. Sema "Friday the sixteenth", ubishi unaisha. Ukimsikia Mwingereza anasema "Friday week", anamaanisha wiki moja baada ya Ijumaa inayokuja. Na "a fortnight" ni wiki mbili.

Kesho kutwa ni "the day after tomorrow". Juzi ni "the day before yesterday". Ni ndefu, lakini hazina mkato, na "after tomorrow" peke yake haitoshi. Mtondo na mtondogoo Kiingereza hakina neno lake, kwa hiyo taja tu jina la siku. Tukisema "juzijuzi" kwa maana ya hivi karibuni, wao husema "the other day".

Hatua ya 9: Jihadhari na usiku

Hili limewakosesha watu ndege, kwa hiyo tulia nalo.

Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likitua. Ndiyo maana mzee wa pwani akikuambia "usiku wa Ijumaa" huenda anamaanisha usiku unaotangulia Ijumaa, yaani ule unaokuja baada ya Alhamisi mchana. Kwa Kiingereza usiku huo ni "Thursday night". "Friday night" ni usiku unaofuata Ijumaa mchana. Ukitafsiri neno kwa neno, umekosea siku nzima.

Kisha siku ya Kiingereza hubadilika saa sita usiku kamili. Tiketi ikisema "Saturday 00:40", ndege inaondoka dakika arobaini baada ya saa sita, usiku wa kuamkia Jumamosi. Unatakiwa uwe uwanjani Ijumaa usiku. Anayesoma "Saturday" akalala, akaamka Jumamosi asubuhi kupanga mabegi, ndege imeshatua anakokwenda. Uliza wazi: "Do I go to the airport on Friday night?" Swali hili halina pa kujificha.

Viongozi wa mlima wanaijua shida hii. Kilimanjaro, wapandaji wa njia ya Marangu kwa kawaida huondoka kambi ya Kibo kuelekea kileleni karibu na saa sita usiku. Ukimwambia mgeni "We start on Friday at midnight", hajui kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Mwambie "Thursday night, 11:45 p.m." na usiku wenyewe unajulikana.

Na saa zetu zimepishana na zao kwa saa sita. Saa nane usiku ni "2 a.m.", si "8 p.m." Ukikosea hapo unaweza kukosea na siku, kwa sababu "2 a.m." tayari ni siku inayofuata.

Mazoezi ya haraka

Chukua tarehe za historia, ziulize kwa sauti, kisha hakikisha kwenye kalenda ya simu. Zimepita, kwa hiyo tumia "was":

"What day was the ninth of December, 1961?" Uhuru wa Tanganyika: "It was a Saturday."

"What day was the twelfth of December, 1963?" Uhuru wa Kenya: "It was a Thursday."

"What day was the twelfth of January, 1964?" Mapinduzi ya Zanzibar: "It was a Sunday." Muungano, tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, nao ulikuwa Sunday. Uliza mwenyewe, ujijibu.

Ukimaliza hizo, fanya siku za kuzaliwa za nyumbani kwenu.

Ukikwama

*Nauliza tarehe, najibiwa siku.* "Date" na "day" zinatofautiana kwa "t" ya mwisho tu, na usipoitamka mtu anasikia "day". Ibane hiyo "t", bila kuifanya "deti". Au uliza kwa maneno yaliyo mbali na "day": "What's today's date, the number?" Na ukitaka jina la siku, "What day of the week is it?" haiwezi kueleweka vibaya.

*Nasema Tuesday, wanaandika Thursday.* Tuesday huanza karibu na "chuuz", midomo imechongoka. Thursday huanza na "th" ya "thamani", na "r" yake haitamkwi kwa Kiingereza cha Uingereza. Kama bado wanakosea, ongeza tarehe, na itakuokoa.

*Wednesday inanishinda.* Tamka "wenzdei". Hiyo "d" ya kwanza ni ya kuandikwa tu.

*Wanajibu haraka mno.* "Could you say that again, please?" Ukishindwa mara ya pili, mpe kalamu: "Could you write it down?" Hakuna aibu. Akiandika namba tupu, mwombe aandike jina la mwezi.

*Simu yangu inaonyesha mwezi kwanza.* Huenda lugha au eneo la simu limewekwa kuwa la Marekani. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha na eneo, uchague Uingereza, na siku itatangulia.

*Nimeulizwa tarehe, akili imeganda.* Sema "Let me check", utoe simu. Watu wote hufanya hivyo, wenye lugha yao wakiwemo.

*Niliuliza "Do you have a date?" wakacheka.* Umemuuliza mtu kama ana miadi ya kimapenzi, au kama uko sokoni Muscat, kama ana tende moja. Kosa liko kwenye "a". Badilisha iwe "the": "Do you have the date?" Au rudi kwenye "What's the date today?", ambayo haimchekeshi mtu.